Maji ya Ghorofa ya Tisa

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika tano jioni, mkunga mstaafu wa ghorofa ya nne alikuwa ameketi mezani akimenya viazi, mgongo ameuegemeza ukutani, ukuta ulipompiga. Lilikuwa pigo moja la ngumi, chini kidogo ya bega la kushoto. Kiazi kilimtoka mkononi kikabiringika mpaka chini ya friji. Alikiokota, akakiosha, akamaliza kumenya vilivyobaki, kisha akasogeza kiti katikati ya chumba na kumpigia simu binti yake.

"Ukuta wako umenipiga," alisema.

"Upi, Mama?"

"Wa sebuleni. Ule uliosema unatunza joto."

"Umekupiga kwa nguvu?"

"Kiasi. Ni mtu wa mkono wa kulia."

Binti alisema atapita kesho akitoka kazini, na kwa sasa mama yake asiuegemee.

Binti huyo ndiye msanifu aliyelichora jengo. Lilikuwa na ghorofa tisa na halikuwa na kiyoyozi hata kimoja. Madirisha yalitazamana ili upepo uingie huku utokee kule. Maji ya mvua yalishuka kutoka paani hadi kwenye tangi kubwa chini ya ardhi, na maji ya kuogea yalichujwa yakanywesha bustani ya mboga iliyopandwa juu kabisa. Lifti haikuwekwa, ili kuokoa umeme na kuwapa watu mazoezi. Lakini fahari yake kubwa msanifu ilikuwa kuta. Kati ya nyumba na nyumba hapakuwa na tofali za saruji. Palikuwa na udongo uliochimbwa hapo hapo kiwanjani, ukashindiliwa tabaka juu ya tabaka hadi unene wa sentimita arobaini na tano. Kuta hizo zilinyonya joto la mchana upande mmoja na kulitoa upande wa pili jioni, saa nane baadaye, watu wanapolihitaji. Wageni walipokuja kulitazama jengo, msanifu alipenda kuwaambia kwamba humu ndani hakuna kinachopotea bure.

Mama yake alikuwa amezalisha wanawake kwa miaka thelathini na saba, na wakazi wote walimwita Mkunga. Alipostaafu, bintiye alimpa nyumba ya ghorofa ya nne, kwa sababu ilikuwa na jua la asubuhi na kwa sababu alitaka mama yake aishi ndani ya kitu alichokijenga yeye.

Jumanne msanifu alifika na futi kamba, kipimajoto na daftari. Waliketi wakiutazama ukuta mpaka saa kumi na mbili na dakika tano. Mkunga alikuwa ametoa kile kikombe chake cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni; alikiweka ukutani, akakitegea sikio.

"Yanakuja," alisema, akakiondoa.

Msanifu alikuwa ameweka kiganja pale. Ngumi mbili zilipita kando yake, kofi likatua kwenye kiganja, na pigo la mwisho likampata kwenye kifundo cha mkono, kikavimba papo hapo. Aliandika saa. Mkunga aliingia jikoni, akatoka na barafu ndani ya kitambaa.

"Ukuta huu unachelewesha kwa saa nane," msanifu alisema, akijikanda. "Kwa hiyo haya yalipigwa saa nne asubuhi."

"Saa nne na dakika tano," mama yake alimsahihisha.

Waliutazama ukuta. Upande wa pili aliishi Mwenyekiti wa kamati ya wakazi na mke wake.

Mwenyekiti alikuwa mkufunzi wa chuo, na vipindi vyake vilikuwa vya mchana. Alikuwa mtu wa watu. Akikutana na mzee ngazini, alimpokea mzigo. Alijua majina ya watoto wote wa jengo na siku zao za kuzaliwa. Yeye ndiye aliyewahimiza wakazi kutenganisha taka, maganda huku, plastiki kule. Mke wake alikuwa fundi cherehani, anashona mapazia nyumbani. Nusu ya madirisha ya jengo yalivaa kazi ya mikono yake. Hakuwa msemaji.

Jumatano, Mwenyekiti alipokwisha kwenda chuoni, Mkunga alibisha hodi. Mke alifungua, utepe wa kupimia shingoni, mikono ya gauni imefika kwenye vidole.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, binti yangu. Jana nilipokea manne. Wewe ulipata mangapi?"

Mke alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa mita za kitambaa.

"Saba," alisema. "Matatu sikuwa ukutani."

Alimkaribisha ndani, akampa kiti, akarudi kwenye cherehani na kuendelea na pindo. Mkunga alimtazama anavyokaa, anavyoweka mkono kiunoni akiinuka kuchukua mkasi.

"Miezi mitatu?"

"Mitatu na nusu. Hajaambiwa mtu."

"Na yeye anajua?"

"Ndiyo sababu ya hayo ya juzi."

"Twende kituoni. Leo hii, kabla hajarudi."

Mke alisimamisha cherehani. "Mama, kituoni nimeenda mara mbili. Mara ya pili ofisa alimpigia simu aje anichukue, kwa sababu wanafahamiana. Alikuja na gari. Alinifungulia mlango vizuri kabisa, akanifunga mkanda." Aliivuta sindano, akakata uzi kwa meno. "Lakini nimefurahi kusikia kwamba kuna mtu mwingine anayejua yanavyouma. Nilidhani labda natia chumvi."

Mkunga alienda kituoni peke yake. Ofisa wa zamu alikuwa kijana mwenye adabu. Alimpa kiti, akafungua kitabu, akaandika jina na umri wake.

"Nani amekupiga, bibi?"

"Ukuta."

Ofisa aliandika: Ukuta. Akauliza unaishi wapi, Mkunga akamtajia ghorofa na namba ya mlango. Akauliza kama wana ugomvi wa zamani, Mkunga akasema hapana, ukuta wenyewe hauna tatizo, tatizo ni mtu aliye nyuma yake. Hapo ofisa aliweka kalamu chini. Alieleza kwa upole kwamba aliyepigwa na mtu aje mwenyewe, na aliyepigwa na ukuta apeleke malalamiko kwa wenye jengo. Alimsindikiza hadi barabarani.

Kwa hiyo shauri lilifika kwenye kamati. Kikao kilifanyika Jumamosi juu ya paa, katikati ya matuta ya mchicha, kila mtu na kiti chake. Mwenyekiti alifungua kikao, akashukuru kwa mahudhurio mazuri, akasoma ajenda.

"Ya kwanza, usafi wa ngazi. Ya pili, wakaguzi wa cheti cha jengo la kijani, wanaokuja baada ya wiki tatu. Ya tatu, ukuta wa nyumbani kwa Mkunga kupiga watu." Aligeuka. "Pole sana, mama yangu. Kwa kweli imetusikitisha."

Watu walimpa Mkunga pole. Hakuna aliyeuliza ukuta unapigaje. Jengo lilikuwa na mapito ya hewa yaliyopanda kutoka chini hadi juu, na kila asubuhi, pamoja na upepo safi, yaliwaletea wakazi sauti zote za ghorofa ya nne. Walijua. Walitazama viatu vyao.

Mkunga alisimama. "Ukuta hauna mikono," alisema. "Unarudisha tu. Anayeupelekea ameketi pale, ameshika kalamu."

Nyuki mmoja alizunguka maua ya malenge.

"Mama yangu," Mwenyekiti alisema, bila hasira yoyote, "ajenda ni ukuta. Mambo ya ndani ya nyumba za watu hayamo." Akamgeukia katibu. "Andika kwamba hoja imesikika."

Katibu aliandika.

Ndipo mwanamke wa ghorofa ya tisa, ambaye kwa ajili ya wanawe wawili wa miaka minne aliitwa Mama Pacha, akanyoosha mkono. Alisema yeye anasikitika kuhusu ukuta, lakini kwake maji hayajafika kwa siku kumi na moja. Mawingu yamezidi, sola hazina nguvu, pampu inakohoa tu na kuishia ghorofa ya tano. Anapanda ghorofa kwa ghorofa na ndoo kichwani, mtoto huyu mkononi, mwingine anamvuta gauni. Kiuno hakimtaki tena. Kama kijani chenyewe ndicho hiki, alisema, afadhali wampe nyeusi yenye maji.

Watu walicheka, kisha wakaacha, maana hata wao wa ghorofa ya sita na ya saba na ya nane walikuwa wamebeba ndoo asubuhi ile. Mtu mmoja alitaja jenereta. Msanifu alisema jenereta ya dizeli wakaguzi wakiiona tu, cheti hakuna.

Fundi bomba wa jengo alikuwa amechuchumaa kando ya tangi la juu, akikaza koki.

"Nguvu si ipo?" alisema, bila kuinua kichwa. "Inapotea tu kila jioni kwa huyu bibi."

Hakusema kwa mzaha, na hakuna aliyecheka. Kichwa kimoja baada ya kingine viligeuka kumtazama msanifu. Alikuwa ameshafungua daftari.

Jioni ile alimletea mama yake mchoro. Mkunga alivaa miwani.

"Hivi vyote ni vya nini?"

"Mabamba ya chuma, Mama. Yanakaa juu ya springi, yanafunika ukuta wote. Pigo likitoka linasukuma bamba, bamba linasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pistoni, pistoni inapandisha maji. Kwa mbele tunaweka mbao nzuri. Wewe hutaguswa tena."

"Na yule wa upande wa pili?"

Msanifu alikunja mchoro. "Mimi nasanifu majengo, Mama. Nakukinga wewe."

"Mimi sikuomba kukingwa. Niliomba watu waende kubisha mlango ule."

"Ukibisha, halafu?"

Mkunga alivua miwani. Alimpa chakula, wakala, wakazungumza habari za mashangazi.

Mabamba yalifungwa kwa siku mbili. Fundi bomba alifanya kazi safi, hakuacha hata tone la mafuta sakafuni, na mbao zilikuwa za rangi ya asali. Majaribio yalikuwa Alhamisi. Ngumi mbili na kofi moja vilifikisha maji ghorofa ya sita. Ijumaa yalifika ya saba. Fundi bomba aliweka kipimo cha presha chini ya ngazi, akaandika kila kitu kwa penseli pembeni yake, na baada ya wiki mbili alikuwa na picha kamili. Kofi halikuwa na maana sana. Lilitikisa mabomba tu. Ngumi ilitoa ndoo mbili hadi tatu, kutegemea ilitua wapi. Kichwa kikigongeshwa ukutani, maji yalifika ghorofa ya nane na yalikaa huko mpaka kesho yake. Ya tisa ilikuwa bado inasubiri, lakini Mama Pacha sasa alipanda ghorofa moja tu na ndoo yake, na alisema hata hilo ni jambo la kushukuru.

Wakaguzi walikuja watatu. Walipima hewa, wakagusa mchicha, wakashika kuta kwa viganja na kusifu. Mbele ya mbao za rangi ya asali walisimama kwa muda.

"Nishati ya pampu inatoka wapi?" aliuliza mkuu wao.

"Ndani ya jengo lenyewe," msanifu alisema. "Ingekuwa inapotea."

"Na ni ya kudumu? Tunaangalia sana udumu."

Mwenyekiti, aliyekuwa akiwamiminia chai, ndiye aliyejibu.

"Ni ya kudumu," alisema. "Sukari kiasi gani?"

Cheti kilifika kwa posta. Kilitundikwa mlangoni ndani ya fremu ya kioo.

Katika mwezi uliofuata Mwenyekiti alisafiri kwa semina ya siku kumi na mbili. Katika siku hizo mke wake alifungua madirisha yote. Alishona mapazia ya harusi nzima, alikunja mikono ya gauni hadi kwenye viwiko, na mara moja Mkunga alimsikia akiimba, sauti nyembamba ya mtu ambaye hajaimba siku nyingi. Mchana walikula pamoja. Mkunga alimpima tumbo, akamwambia mtoto amekaa vizuri na ana moyo wa haraka. Alimpa kile kikombe cha mbao ajaribu kusikiliza mwenyewe, lakini mtu hawezi kufika kwenye tumbo lake mwenyewe, wakacheka mpaka mke akashika mbavu, kwa sababu mbili zilikuwa bado hazijaunga.

"Nina dada yangu," alisema siku ile. "Ana chumba. Sijamwandikia miaka sita. Mume wangu alinikataza."

"Mwandikie."

"Nimeshaandika."

Siku ya nne bila Mwenyekiti, maji yalikatika ghorofa ya saba. Siku ya saba yalikatika ya sita. Ndoo zilirudi ngazini. Watu walipishana wakihema, wakiulizana habari, na katikati ya habari kulikuwa na swali moja. Mama Pacha alimkuta mke wa Mwenyekiti akikung'uta zulia.

"Mume wako hajambo huko aliko?"

"Hajambo."

"Anarudi lini?"

"Ijumaa."

"Mungu amrudishe salama," Mama Pacha alisema, na ilimtoka moyoni.

Ijumaa walimpokea getini. Mmoja alichukua begi, mwingine mkoba, watoto wakamshika mikono. Mwenyekiti aliguswa, akasema hakujua kama anapendwa hivi. Siku iliyofuata maji yalifika ghorofa ya nane.

Siku kumi baadaye, ikiwa Jumanne, Mkunga alienda hospitali kupimwa macho. Foleni ilikuwa ndefu, akarudi saa kumi na moja na nusu akiwa amechoka, akajilaza kwenye kochi na viatu vyake. Saa kumi na mbili na dakika tano mbao zilianza. Alikuwa ameyazoea mapigo, lakini haya hayakuwa mahali pake pa kawaida. Yalikuwa chini. Aliteremka sakafuni kwa magoti, akapapasa mbao: sentimita thelathini kutoka sakafuni, arobaini, pale pale. Hazikuwa ngumi. Yalikuwa mateke. Alihesabu kumi na tisa. Kwenye mabomba kulipita mvumo ambao hajawahi kuusikia, ukapanda juu, na huko juu kabisa mtu alipiga kelele za furaha. Maji yalikuwa yamefika ghorofa ya tisa. Yalijaza tangi la paani, yakamwagika juu ya mchicha, yakashuka kwenye madirisha kama mvua, watoto wakatoa mikono nje kuyakinga.

Mkunga alichukua mkoba wake wa kazi, uliokuwa juu ya kabati tangu astaafu. Mlango wa pili haukuwa umefungwa. Mke alikuwa amelala chini ya ukuta, juu ya kitambaa cha pazia, macho makavu.

"Tangu saa nne?" Mkunga aliuliza.

"Tangu saa nne. Nilikuita, Mama. Hukuwapo."

"Nilikuwa kwenye foleni."

"Alikuwa wa kiume?" mke aliuliza baadaye, Mkunga alipokuwa amemaliza.

"Wa kike."

Mkunga alimwosha mama, akamwosha mtoto. Maji yalikuwa mengi. Akamvika mtoto kipande cha kitambaa cheupe cha ndani ya pazia kiwe sanda, mke akakipiga pindo kwa mkono, ameketi, kwa sababu hakutaka kiache nyuzi. Mwenyekiti aliporudi saa mbili usiku alilia sana, akapiga magoti, akaenda kununua dawa mwenyewe. Majirani walileta pole. Walipanda na kushuka kimya, nywele za baadhi yao zikiwa bado na unyevu.

Dada alijibu barua. Alisema njoo. Siku ya nne, saa mbili asubuhi, Mwenyekiti alipoteremka kuosha gari, mke alimgongea Mkunga. Alikuwa na sanduku moja, na ndani yake kichwa cha cherehani, ndiyo maana lilikuwa zito.

"Mlango wa nyuma," Mkunga alisema. "Shika huko, mimi huku."

Walifika ghorofa ya tatu. Mwalimu mmoja alikuwa anafunga mlango wake. Aliwaona, akaona sanduku, akafungua mlango tena na kuita mkewe. Ghorofa ya pili walikutana na watu watano. Nyuma yao kulikuwa na nyayo za wengine wakiteremka, Mama Pacha mbele yao, watoto wake kila mmoja upande wake, wameogeshwa wananukia sabuni.

"Dada," Mama Pacha alisema, "unakwenda wapi na hali hiyo?"

"Kwa dada yangu."

"Na mzigo mzito hivyo? Hata wiki huna. Utatoka damu njiani."

"Apumzike kwanza," mwalimu alisema.

"Safari haikimbii," akasema mwingine.

Hakuna aliyetaja maji. Walizungumza kwa huruma, na walikuwa na huruma. Mwanamke mmoja alikuwa analia kabisa. Lakini walikuwa wamejaza ngazi, juu na chini, na fundi bomba alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma na funguo mkononi.

Msanifu alikuwa amefika asubuhi ile kusoma kipimo cha presha. Alipanda ngazi, watu wakampisha.

"Mwanangu," Mkunga alisema, "umekuja wakati mzuri. Shika hapa, mkono umekufa ganzi."

Msanifu alishika. Kwa muda watatu hao walilishika sanduku, mmoja kila upande na mmoja katikati, na halikwenda popote. Alimtazama mama yake, akamtazama mke wa Mwenyekiti. Akatazama juu, ngazi zote alizozichora kwa mkono wake, zimejaa watu wanaomsubiri.

"Hajapona, Mama," alisema. Ilikuwa sauti nzuri, ile aliyoitumia kwa wakaguzi. "Ngazi hizi zitamuumiza. Apande apumzike, halafu tutazungumza vizuri."

Na mkono wake ukavuta kuelekea juu.

Mke wa Mwenyekiti hakupiga kelele. "Niachie, Mama," alimwambia Mkunga. "Utaumia mgongo."

Mkunga hakuachia. Fundi bomba alipanda, akasema samahani bibi, akamfungua vidole kimoja kimoja, kwa uangalifu, kama anayefungua nati iliyoshika kutu. Kidole cha mwisho kililia, kikavunjika. Alisema samahani tena. Mwenyekiti alikuwa amefika, mikono ya shati imelowa povu la gari. Aliwashukuru wote, mmoja mmoja, kwa majina.

Mlango ulifungwa saa tatu. Saa nne na dakika tano Mkunga alikuwa nje yake, akiupiga kwa mkono mzima na kwa ule mwingine, akiita, akipiga teke, mpaka damu ikachirizika kwenye mbao. Ndani mambo yaliendelea mpaka yakaisha. Mapito ya hewa yalizisambaza sauti zote, zake na za ndani, kwa usawa, ghorofa zote tisa. Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba, haukutunza kitu.

Msanifu alimpeleka mama yake hospitali, akafungwa bandeji, akamrudisha. Kufika nyumbani Mkunga alivuta kiti, akakaa akizitazama zile mbao za rangi ya asali, na bintiye alipoaga hakugeuka.

Msanifu aliteremka, akasimama chini ya ngazi mbele ya kipimo, akasubiri, kwa sababu hesabu za mwezi zilihitaji namba ya jioni. Mshale ulilala. Saa kumi na mbili na dakika tano ulinyanyuka, ukapita alama ya sita, ya saba, ya nane, ukasimama kwenye ya tisa. Aliandika, akaweka sahihi, akatoka kuelekea kwenye gari lake.

Dirisha la juu kabisa lilifunguliwa. Mama Pacha alitokeza kichwa, mapovu mpaka kwenye viwiko, mtoto mmoja uchi begani.

"Dada msanifu!" aliita. "Leo tena yamefika!"

Msanifu alimpungia mkono, akafungua mlango wa gari, akaingia.